Dadangu kurudi toka Dubai, na zile siku 14

Machi 2020, siku chache baada ya ile kesi ya kwanza ya Kenya kutangazwa tarehe 13, dadangu akapiga simu yuwaja. Serikali ishasema ukitoka nje ujitenge siku 14, kwa sababu corona yaweza kukaa mwilini siku tano sita hivi, hata mpaka 14, ndio dalili zitoke, na hapo kati waambukiza watu na wewe wajiona mzima kabisa.

Sawa, lakini nyumba yetu hapa Mji wa Kale watu saba, choo kimoja! Tukampa chumba cha juu chenye dirisha la barabarani likae wazi siku nzima, sahani yake, kikombe chake, chakula twaweka mlangoni kwa stuli twabisha twashuka. Chooni yeye ni wa mwisho, akitoka afuta bomba na kitasa kwa jiki, na barakoa havui mpaka arudi chumbani.

Kazi ilikuwa wageni sasa. Mamangu hawezi kumwambia mtu usiingie, kwake ni aibu, basi makhalati wakaja na mahamri yao wamkumbatie mtoto, nikawakalisha barazani wakaongea naye akiwa dirishani, mtaa mzima wasikia habari zetu lol. Khalati mmoja alininunia mpaka Ramadhani.

Bada ya wiki hivi ndio ikawa kila anayetua apelekwa karantini ya lazima na alipe mwenyewe, dadangu akasema afadhali hiko chumba cha juu na joto lake.