Kabla ya kuongeza mfuko wa DAP, pima pH ya shamba

Mahindi yana wiki nne, majani ya chini yamegeuka zambarau, na mwenye shamba anaapa kwamba DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, aliweka ya kutosha. Ukikuta hali hiyo Rungwe, Njombe au Mufindi, usikimbilie kusema mbolea ilikuwa feki. Baridi ya huku nayo huleta zambarau, lakini hiyo hupungua joto likirudi. Rangi ikigoma kuondoka, mara nyingi fosforasi iko palepale ulipoiweka, ila udongo umeishika na mmea hauwezi kuichukua.

Nyanda za Juu Kusini tunapata mvua nyingi, na mvua hiyo miaka nenda rudi huosha kalsiamu na magneziamu na kuzishusha chini kusikofikiwa na mizizi. Nafasi yake huchukuliwa na hidrojeni na alumini, udongo ukawa na tindikali. Kisha tunauongezea tindikali sisi wenyewe. Kila gunia linalotoka shambani huondoka na sehemu ya madini hayo, na mbolea zenye amonia huacha tindikali pale vijidudu vinapoigeuza kuwa nitrati. SA (salfeti ya amonia) ndiyo kali kuliko zote: mfuko mmoja wa kilo 50 huhitaji takriban kilo 55 za chokaa kufuta tindikali inayoacha. Mfuko wa Urea huhitaji kama kilo 40. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, huja na chokaa ndani yake, kwa hiyo kwa shamba ambalo tayari lina tindikali, kukuzia kwa SA msimu hadi msimu ni kujichimbia shimo.

Kipimo cha tindikali hiyo, pH, huanzia 0 hadi 14. Katikati ni 7; chini yake ni tindikali, juu yake ni alikali. Watu wengi huona 5 na 6 kama majirani, kumbe kila hatua moja ni mara 10. Udongo wa pH 4.5 una tindikali mara 100 ya ule wa 6.5.

Mstari wa kuangalia ni 5.5. Chini ya hapo alumini, ambayo imo katika kila udongo wa mfinyanzi, huanza kuyeyuka, na pH ikishuka chini ya 5 alumini hiyo inakuwa sumu hasa. Ng'oa hindi moja taratibu kwa jembe, suuza mizizi kwenye ndoo, uitazame. Mizizi iliyoumizwa na alumini ni mifupi na minene, ncha zina rangi ya kahawia, vijimizizi vyembamba vya pembeni havipo au ni vya kuhesabu, na yote imetambaa juu juu badala ya kuzama. Ndiyo maana shamba kama hilo hunyauka jua likiwaka wiki moja tu, wakati la jirani bado limesimama. Alumini na chuma ndizo pia hushika fosforasi. Kwenye udongo wa majivu ya volkano kule Rungwe ushikaji huo ni mkali zaidi, na chokaa pekee haiumalizi: mbolea ya kupandia iwekwe kwenye shimo karibu na mbegu bila kuigusa, isitawanywe shamba zima.

Maharage yana kipimo chao. Yakianza kutoa maua, chimbua mashina machache na upasue vinundu vya mizizini kwa ukucha. Ndani pakiwa na wekundu, bakteria wanatengeneza naitrojeni. Pakiwa peupe au kijani, au vinundu havipo kabisa, tindikali ni mshukiwa wa kwanza, kwa sababu bakteria hao huishi kwa shida kwenye udongo chachu na madini ya molibdenamu wanayoyahitaji hufungwa humo.

Ila si kila tindikali ni ugonjwa. Chai hustawi kwenye 4.5 hadi 5.5, na kuiwekea chokaa bila ushauri wa maabara ni kuiharibu. Mahindi yanataka 5.5 kwenda juu, maharage karibu na 6, parachichi 5.5 hadi 6.5. Kabichi hupenda zaidi ya hapo. Shamba lenye ugonjwa wa mizizi kuvimba huwekewa chokaa hadi 7 na kidogo. Viazi mviringo ndivyo vyenye mtego. Vinavumilia tindikali vizuri, na pH ikipanda juu ya 5.2 hivi, ugonjwa wa makoko kwenye ganda hupata nafasi, sokoni viazi vikakataliwa kwa sura. Mkulima wa Umalila au Njombe anayezungusha viazi na mahindi aweke chokaa baada ya kuvuna viazi, kabla ya mahindi, asiiweke kabla tu ya kupanda viazi.

Sasa kupima. Tembea shamba kwa mwendo wa zigizaga, chukua udongo sehemu 15 hadi 20, kila mahali sentimita 20 kwenda chini. Ruka vichuguu, palipochomwa takataka, palipokuwa zizi, na njia. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, punguza hadi ibaki nusu kilo au kilo moja, anika kivulini. Usitumie mfuko uliobeba mbolea au chokaa, maana vumbi kidogo tu lililobaki linatosha kukupa jibu la uongo. Mteremko na bonde vipimwe mbalimbali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole hapa Mbeya wanapima, na ukipokea majibu uliza pH imepimwa kwa maji au kwa mchanganyiko wa chumvi, kwa sababu cha chumvi husoma chini kwa nusu hadi moja, na watu hununua chokaa bure kwa kutolijua hilo. Karatasi za rangi za dukani zinafaa kukuonyesha uelekeo, si kukokotoa tani.

Jambo jingine: pH haikuambii moja kwa moja kiasi cha chokaa. Kutoka 5 hadi 6, kichanga kinaweza kutosheka na nusu tani kwa ekari, wakati mfinyanzi wenye mboji nyingi unaweza kumeza tani 2 na zaidi. Kwa mahindi na maharage sioni haja ya kufukuzia 7. Lenga 5.8 au 6; alumini imekwisha nguvu, na hela yako imebaki mfukoni.

Chokaa ya kilimo ni jiwe la chokaa lililosagwa, na huku kwetu mawe hayo yapo Songwe, kwa hiyo gharama kubwa huwa usafiri. Kabla ya kulipa, sugua kidogo kwa vidole: iwe laini kama unga. Chenga kubwa kama mchanga zitakaa ardhini miaka bila kufanya kazi. Kamulia ndimu kijiko kimoja cha chokaa hiyo. Inapaswa kutoa povu, ingawa yenye magneziamu nyingi hutoa polepole. Chokaa ya kujengea ni kitu kingine, ina ukali wa kuunguza mbegu na mizizi.

Kwa tani 1 kwa ekari, gawa shamba vipande vya mita 10 kwa 10, kama 40 hivi, na kila kipande kipate nusu mfuko wa kilo 50. Mwaga siku isiyo na upepo, kisha lima uchanganye hadi sentimita 15 au 20. Chokaa haitembei, ukiiacha juu, itasahihisha sentimita chache za juu tu. Fanya hivyo wiki 4 hadi 8 kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, maana kwenye vumbi kavu haifanyi kazi. Anayesubiri mvua za Novemba ziivishe ardhi, kisha apande wiki hiyohiyo, asitegemee kuona kitu msimu huo. Usiichanganye na Urea, SA, DAP wala samadi mbichi: naitrojeni itapaa kama gesi, utaisikia puani. Samadi iliyooza weka kwa wakati wake, nayo husaidia kuifunga alumini. Pima tena baada ya miaka 3.

Kuzidisha ni kubaya kuliko kupunguza, kwa kuwa kushusha pH ni kazi ya gharama. Bustani za nyuma ya jiko, zinazomwagiwa majivu kila siku, huonyesha hali hiyo: majani mapya yana njano na mishipa ya kijani, dalili ya chuma kufungwa. Majani ya zamani yakiwa ndiyo ya njano, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Dawa ya kwanza ni kuacha majivu.

Ukishuka Usangu, hadithi inageuka. Sehemu za bonde zina magadi, utayaona kama ukoko mweupe au mweusi kiangazi. Mpunga uliojaa maji husogeza pH karibu na 7 wenyewe, hata udongo ukiwa chachu, hivyo chokaa si ya huko. Tatizo la udongo wa magadi ni zinki: miche hudumaa, majani yakapata madoa ya kutu wiki chache baada ya kupandikiza. Salfeti ya zinki, kilo 10 kwa ekari kabla ya kupandikiza, hutosha kwa kawaida. Pale udongo wenyewe umeganda kwa sodiamu, jasi (salfeti ya kalsiamu) ndiyo huifukuza, kisha maji safi yaioshe. Jaruba lisilo na mfereji wa kutolea maji lisiwekewe jasi kwanza. Chimba mfereji, ndipo ununue.