Mtu mzima hasomi peke yake, hata kama kozi iko kwenye simu

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na kozi. Kozi ya kompyuta, ya Kiingereza, ya keki, ya uhasibu, mpaka ya kufuga kambale, na karibu zote wanakwambia unasoma ukiwa kwako, kwa muda wako, cheti unapata. Hapa Tanga watu wamechangamka kwelikweli, hasa tangu zianze habari za bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 linalotoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, ndo kila baraza utasikia watu wanaulizana cheti gani kinatakiwa, nani anafundisha Kiingereza jioni, kozi ya usalama kazini inapatikana wapi. Mimi nafurahi sana kuona hivyo, watu wazima wana hamu ya kusoma. Ila kuna jambo linasahaulika: mtu mzima ukimwachia simu yake peke yake, hata kozi iwe nzuri vipi, mara nyingi hamalizi.

Na sio uvivu jamani. Mtu katoka kibaruani au sokoni Mgandini saa za magharibi, apike, watoto wale, mgonjwa yupo ndani anataka dawa, akija kushika simu saa nne usiku bando limebaki kidogo na somo lenyewe ni video ya dakika arobaini. Mtoto wa sekondari asipoonekana darasani mwalimu atauliza, mzazi ataitwa. Huyu wa onlaini anapotea wiki tatu na hakuna binadamu hata mmoja aliyemuuliza yuko wapi.

Hata kwa wenzetu wenye umeme na intaneti ya kumwaga imekuwa hivyohivyo. Mwaka 2011 walimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walifungua kozi ya akili mnemba bure mtandaoni, wakajiandikisha watu kama 160,000, mwaka uliofuata zikaja Coursera na edX, tovuti za kozi za mtandaoni, na watu wakaanza kusema vyuo vya kawaida vimekwisha habari yake. Havikwisha. Kilichoonekana ni kwamba kozi nyingi za namna ile wanaofika mwisho hawafiki hata mmoja kati ya kumi, na wengi wa hao wanaofika walishakuwa na digrii zao tangu mwanzo, yaani yule aliyekosa shule utotoni, ambaye ndo angefaidika zaidi, ndo anayeachwa njiani.

Sasa kinachoniuma ni kwamba sisi Tanzania hili tulishalijua zamani. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, waulizeni wazee wenu majumbani watawaambia. Somo lilikuwa linakuja kwa redio, malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu, lakini hukuachwa usikilize peke yako ukalale. Mlikaa kikundi, mna kiongozi wenu aliyefundishwa kabla, mna kitabu, redio ikizimwa mnajadiliana halafu mnaamua cha kufanya, kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima. Wiki kumi na mbili hivyo, na walishiriki watu kama milioni mbili nchi nzima! Redio ilikuwa teknolojia ya wakati ule kama simu ilivyo sasa, lakini waliopanga walijua redio inaleta somo tu, kumshika mtu asiondoke ni kazi ya kikundi.

Ndo maana naamini sana kwenye magrupu ya kurisiti, yaani ya wanaojiandaa kufanya mitihani ya sekondari nje ya shule. Letu la huku Makorora lina akina mama wengi, wapo walioachishwa shule kwa ujauzito miaka ile kabla serikali haijaruhusu mabinti warudi, ruhusa ilikuja Novemba 2021, wao walishakuwa na watoto wakubwa. Wengine hawakukanyaga sekondari kabisa, wanaanza na QT, ule mtihani wa maarifa, akifaulu ndo anajisajili mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Tunatumia WhatsApp, video hazitumwi maana zinamaliza bando, ni picha za daftari, maswali ya NECTA, Baraza la Mitihani, ya miaka ya nyuma, na sauti fupi za mwalimu akieleza swali moja moja. Jumamosi tunakutana ana kwa ana na mwalimu wetu mstaafu, tena hisabati nawaambia ukweli, hisabati haiingii kwa sauti ya simu, lazima mtu akae pembeni yako aone umekosea mstari wa ngapi. Na kila mtu ana mwenzake wa kumuulizia. Kuna dada anauza samaki kule Deep Sea, alinyamaza kwenye grupu, mwenzake akamfuata mpaka nyumbani akakuta mtoto anaumwa, wakawa wanasoma pale pale pembeni ya kitanda mpaka mtoto akapona. Huyo dada QT amefaulu. Programu gani ya simu ingemfuata nyumbani?

Sisemi mtandao haufai. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992, kimesomesha watu wakiwa kazini, na kituo hapa Tanga kipo, ambaye hakupita kidato cha sita ana kozi yao ya msingi ya kumwingizia chuoni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina sheria yake tangu 1975. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, waliwahi kuleta VSOMO pamoja na Airtel, nadharia unasoma kwenye simu, vitendo unaenda chuoni, nadhani huo ndo mpango wa akili kabisa, na fundi aliyejifunzia mtaani wana utaratibu wa kumpima ujuzi alionao akapewa cheti bila kuanza moja. Wote hao mtandao wanautumia lakini kuna mlango wa kubisha. Kozi ya mtu usiyejua hata anakaa mkoa gani, kabla hujatuma hela uliza NACTVET (wanaosimamia vyuo vya kati na vya ufundi), VETA au TCU (wanaosimamia vyuo vikuu) kama inatambulika, vyeti vya mapambo vimejaa.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, tafuta kwanza wenzako wawili watatu mnaokaa karibu halafu ndo mchague kozi. Usajili wa NECTA huwa unafunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, msisubiri Agosti. Grupu letu bado linapokea watu, wa Makorora, Ngamiani, Mabawa, hata Duga. Tunachohitaji sasa hivi ni mwalimu wa baiolojia wa Jumamosi, na chumba chenye umeme karibu na barabara ya 13 kwa ajili ya wale wanaofunga biashara saa moja usiku. Mwenye nacho aniandikie.