Boma limeezekwa, mtaro bado: nilivyosimamia vipaumbele vya kata pembezoni mwa Dodoma

Diwani hana kasma yake, yaani fungu lake la bajeti. Kila shilingi iliyoingia kwenye kata yangu, moja ya kata 41 za Jiji la Dodoma, ilipita kwanza kwenye muhtasari wa kikao. Na miradi iliyokwama, mingi ilikwama kwa muhtasari mbovu kabla hata haijafika kwenye suala la fedha. Kwa hiyo naanza na karatasi, ndipo nije kwenye saruji.

Muhtasari wa mkutano wa mtaa unaofaa una tarehe, mahali, ajenda, azimio lenye namba, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji, na muhuri. Orodha ya mahudhurio yenye saini za wananchi ishonwe humohumo. Ikikaa kwenye karatasi ya pembeni itapotea, na muhtasari usio na mahudhurio hauna nguvu. Azimio lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Tulikuwa tukiandika "wananchi wameomba shule iboreshwe", na afisa mipango hawezi kuibajetia sentensi hiyo. Siku hizi tunaandika hivi: "Mkutano umeazimia kujenga vyumba viwili vya madarasa kwa nguvu za wananchi hadi lenta, na kuiomba halmashauri ipaue na kukamilisha." Hapo kuna idadi, kuna mchango wa wananchi hadi lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), na kuna ombi lenye kikomo.

Kisha kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini mapendekezo ya bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Mitaa ikikaa Oktoba na Kamati ya Maendeleo ya Kata ikakaa Novemba, vipaumbele vinawafikia wataalamu kabla Baraza halijakaa kupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Ukileta hoja Machi, hata iwe nzuri namna gani, inasubiri mwaka mwingine mzima. Na tusipeleke mambo kumi na tano. Kata ikifanya hivyo, imemwachia afisa mipango achague anachotaka yeye. Tunapeleka matatu, yamepangwa kwa uzito, na kila moja limeandikiwa hatua iliyofikiwa, thamani ya nguvu za wananchi na makisio ya mhandisi. Wenyeviti wengi wa mitaa waliingia kwa uchaguzi wa Novemba 27, 2024, kwa hiyo somo hili inabidi lirudiwe nao bila kuchoka.

Kitu kingine kinachopoteza miezi ni kubisha mlango usio wenyewe. Barabara za mitaa na za kata ziko TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017. Barabara kuu, pamoja na ile ya mzunguko wa nje ya jiji yenye kilomita 112.3, ni za TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Maji mjini ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma; vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Halmashauri imebaki na shule za msingi na sekondari, zahanati, masoko, taka, na ardhi, ambayo kwa Dodoma ilirudi mikononi mwa manispaa pale CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilipovunjwa mwaka 2017. Mwananchi halazimiki kuyajua yote haya. Diwani lazima ayajue, la sivyo atakuwa anasimama Barazani kudai kalavati kwa watu wasio na fungu lake.

Sasa madarasa. Mwaka 2021, kwa fedha za UVIKO-19, darasa moja lilipangiwa shilingi milioni 20. Kukamilisha boma, yaani jengo lisiloezekwa ambalo wananchi wamelifikisha lenta, kiasi ambacho kimekuwa kikitolewa mara nyingi ni milioni 12.5. Hesabu hiyo ndiyo inayoipa kata yenye boma zuri nafasi mbele ya kata yenye ombi tupu. Ila boma liwe zuri kweli. Kabla ya kuchimba msingi, chukua ramani kwa mhandisi wa halmashauri. Boma lililojengwa kwa kukisia, madirisha yakiwa chini na upana ukipungua, mhandisi hatalipokea, na nguvu za watu zinabaki zimesimama pale kama gofu. Hakikisha pia eneo limepimwa na limeonyeshwa kwenye mchoro wa mipango miji kuwa ni la shule. Eneo la umma lisilo na bikoni, yaani alama za mipaka, pembezoni mwa Dodoma halimalizi miaka mingi bila mtu kujenga ndani yake.

Mchango wa wananchi tuliupokea kwa mawe, mchanga, maji na siku za kazi zaidi kuliko fedha taslimu. Palipokuwa na fedha, ziliingia benki, na mwalimu hakushika hata shilingi. Tulihakikisha kila mtu anajua kwamba mchango ni wa hiari na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu yake.

Zege la lenta ndipo mahali pa kusimama na kuangalia kwa macho yako. Uwiano unaotakiwa ni 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mafundi wengi hupima kwa toroli: mfuko mmoja wa saruji, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, na toroli iliyojazwa inakaribia mara mbili ya hapo. Kwa hiyo anayepima hivyo amekwisha kutengeneza zege la 1:4:8 bila kukusudia wizi wowote, na lenta hiyo itapasuka. Tulichonga boksi la mbao la sentimita 35 kwa 35, kimo sentimita 29, halina kitako. Linawekwa juu ya bati, linajazwa, linasawazishwa kwa ubao, linanyanyuliwa. Mama mmoja wa kamati ya ujenzi alikaa pembeni na chaki akichora mstari kila boksi linaponyanyuliwa, na kazi ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nondo ni nne za milimita 12, ringi kila sentimita 20. Baada ya hapo zege hufunikwa kwa magunia na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7. Kwa jua na upepo wa Dodoma kuanzia Agosti hadi Oktoba, siku 7 ni kiwango cha chini. Maji ya kumwagilia yahesabiwe kwenye bajeti, maana ndiyo ya kwanza kusahaulika na ndiyo ghali kupatikana msimu huo.

Boma likisubiri fedha, vichwa vya kuta vipigwe lipu nyembamba juu. Mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa vishindo. Msimu mmoja tu unaweza kulegeza kozi ya juu ya tofali.

Fedha zikifika kwenye akaunti ya shule, kazi inafanywa kwa mafundi wa kawaida chini ya kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mtu mmoja asiwe kwenye kamati mbili. Ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na hapa ndipo wiki zinapoyeyuka: duka la vifaa lililo jirani, lenye bei nzuri, huenda halijasajiliwa. Waambie wenye maduka mapema wajisajili, miezi miwili kabla fedha hazijaingia. Waambie pia kuhusu kodi ya zuio, 2% kwa bidhaa na 5% kwa huduma, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Muuzaji anayeijua kodi hiyo siku ya malipo tu atadhani kamati imemkata.

Kamati ya mapokezi isome mifuko. Saruji ya 32.5 inafaa kwa kujengea na lipu; kwa zege la lenta na nguzo chukua 42.5. Bati geji 28 ni nene kuliko geji 30 ingawa namba ni ndogo, na mjumbe asiyelijua hilo atasaini kitu kingine. Mchanga nao upimwe. Tipa iliyoletwa kwetu kama ya kubiki 5, yaani mita 5 za ujazo, tuliipima bodi kwa futi kamba: urefu mita 3.6, upana 2.1, kimo 0.6. Ni kubiki 4.5. Dereva alisema, "Mheshimiwa, tripu ni tripu." Kwa tripu kumi, upungufu huo ni tripu nzima. Tangu hapo tunaandika kubiki kwenye oda, hatuandiki tripu, na bei haijapanda kwa sababu hiyo. Fundi alipwe kwa hatua, kila hatua ikishakaguliwa na mhandisi, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa shule kila mwezi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, baada ya kuondoa vyanzo lindwa (mapato yaliyokwisha kupangiwa matumizi maalumu), ni haki ya kisheria tangu 2018: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejea 2024 kwa utaratibu mpya. Kazi ya kata ni kuchuja. Kabla kamati haijakaa, mtendaji na afisa maendeleo ya jamii wanakwenda kwenye mradi, na kila mwanakikundi anaulizwa peke yake bei ya mfuko wa chakula cha kuku au ya lita ya mafuta ya alizeti. Wanaofanya kazi kweli majibu yao hukaribiana. Vikundi vya zabibu vinahitaji jicho la pekee: zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, ilhali marejesho ni ya kila mwezi. Andiko lao lionyeshe kipato kingine cha miezi ya katikati, la sivyo watachelewa kulipa huku shamba likiwa zima.

Kila robo mwaka taarifa ya kata inasomwa Barazani. Ninaiandika kwa hatua, fedha iliyoingia, iliyotumika, na kinachodaiwa, kurasa mbili basi. Swali linalohitaji majibu ya kitaalamu lipelekwe kwa Mkurugenzi kwa maandishi kabla ya kikao. Swali la papo kwa papo hupata jibu la papo kwa papo.

Kilicho mezani sasa ni mambo matatu. Gati la maji, yaani kituo cha kuchotea, kwa mtaa ulio mbali na bomba. Tumekataa kununua pampu ya kisima mpaka maji yapimwe chumvi, kwa kuwa visima vingi vya huku ni vya chumvi. Bikoni za maeneo ya umma yaliyobaki. Na mtaro wa korongo linaloingia kwenye makazi. Kwa huo mtaro tumepeleka barua TARURA ikiwa na picha za wakati wa mvua, majira nukta (namba za GPS) ya kila kalavati, idadi ya kaya zinazoingiliwa na maji, na jina la barabara kama lilivyosajiliwa kwenye mtandao wao wa barabara. Barabara ambayo haijasajiliwa haipati fedha za matengenezo, kwa hiyo kipande kimoja tumekiombea usajili kwanza. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ipo kwenye jalada. Wakati tunasubiri, Oktoba nzima tunazibua makalavati kwa koleo, na tope tunalimwaga upande wa bonde, mita kumi kutoka mdomoni. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani.