Vinavyoonekana na visivyoonekana

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Kila Dominika tunamkiri Mungu aliyeumba vitu vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana. Najua wazee wetu wa imani walipotunga kanuni hiyo waliwawaza malaika, si eksirei, ile mionzi isiyoonekana kwa macho. Lakini wiki hii maneno hayo yamenipeleka Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei za angani. Kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji, ikaitwa Uhuru.

Kabla yake, roketi zilichungulia juu ya angahewa dakika chache tu, kisha zikaanguka. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha moja wakitafuta eksirei za mwezi, wakakuta chanzo kikali upande wa kundi la nyota liitwalo Nge ambacho hakuna aliyekitarajia. Uhuru ilidumu kazini zaidi ya miaka 2, ikajizungusha polepole na kupekua anga lote, hadi orodha yake ikafikia vyanzo 339. Ilisaidia kutambua kwamba kimoja cha vyanzo hivyo, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata nuru haiwezi kukitoka. Shimo lenyewe halitoi nuru. Gesi inayovutwa kuliendea ndiyo hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kumwaga eksirei. Kati ya galaksi nako, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, mahali palipodhaniwa patupu, kumejaa gesi ya moto ambayo, katika makundi makubwa ya galaksi, uzito wake unapita ule wa nyota zote zilizomo.

Kwa nini basi kupanda juu hivyo? Kwa sababu angahewa huzizuia eksirei zisitufikie, na zingetufikia zingetudhuru. Hapo ndipo nilipokaa sana. Pazia linalotunyima kuona ndilo linalotulinda, nasi huomba liondolewe bila kuuliza limewekwa kwa nini. Sisemi kila kilichofungwa mbele yetu kimefungwa na Mungu. Dhuluma ya wanadamu nayo hufunga milango, na hiyo tuigonge.

Jioni moja wiki hii, tusome Ayubu 38 pamoja na watoto, hasa pale Mungu anapomuuliza Ayubu habari za makundi ya nyota ya Kilimia na Orioni. Wakiuliza maswali, tusiwakatize.