Pesa zilizohama simu zikaenda ardhini

Wiki mbili zilizopita, kijana wa jirani yangu hapa Kamalondo alinijia na kompyuta kwapani akasema, "Yaya," kama tunavyowaita wakubwa wetu huku, "nisomee barua hii kabla sijaituma." Ametengeneza programu ya simu inayowaunganisha wauza unga na mboga wa soko la komini ya Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) na wateja wa mitaa mingine ya Lubumbashi, huku malipo yakipitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kazi yenyewe ni nzuri, na nimeijaribu. Barua, hata hivyo, iliwaomba wawekezaji wa ng'ambo dola 300,000, na kurasa zake mbili nzima zilijaa mifano ya mwaka 2021, kana kwamba soko la pesa bado liko pale lilipokuwa.

Mwaka ule, kampuni changa duniani kote zilipokea zaidi ya dola bilioni 600 kutoka kwa wawekezaji wanaonunua hisa katika biashara ambazo bado hazijakomaa. Riba nchini Marekani ilikuwa karibu na sifuri, kwa hiyo mifuko ya pensheni na matajiri ambao hawakuona faida ya kuweka fedha benki walizikabidhi kwa wasimamizi wa mitaji, na wasimamizi hao kwa desturi hujilipa asilimia 2 ya fedha hizo kila mwaka, kisha asilimia 20 ya faida ikipatikana. Mtu anayelipwa hivyo hana haraka ya kukataa mfuko mkubwa. (Nami nisingekataa.)

Nilimweleza kijana jambo ambalo naona wengi hulisahau, kwamba thamani inayotangazwa ya kampuni si pesa iliyomo sandukuni. Mwekezaji akitoa dola 200,000 akapewa asilimia 10 ya hisa, kampuni inasemekana ina thamani ya dola milioni 2, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuziona hizo milioni 2. Ndiyo maana Klarna ya Uswidi, ambayo programu yake humwezesha mnunuzi kulipa kidogo kidogo, ilihesabiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 45.6 mwezi Juni 2021, na mwaka mmoja baadaye ikahesabiwa 6.7 tu, bila jengo lake hata moja kuungua. Katikati ya tarehe hizo benki kuu ya Marekani ilikuwa imeanza kupandisha riba, ambayo kufikia Julai 2023 ilipita asilimia 5. Getir ya Uturuki, iliyokuwa ikipeleka vyakula majumbani kwa dakika chache, ilijiondoa Marekani, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi mwaka 2024. Kijana alinyamaza hapo, kwa sababu Getir ilikuwa kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Afrika haikunusurika. Kwa hesabu za Partech, kampuni ya uwekezaji, kampuni changa za teknolojia za bara hili zilipata dola bilioni 6.5 mwaka 2022, kisha 3.5 mwaka 2023, na 3.2 mwaka 2024, na sehemu kubwa huishia Nigeria, Kenya, Misri na Afrika Kusini. Duniani kwa jumla pesa zilianza kurudi mwaka 2024, lakini takriban theluthi moja ilikwenda kwenye akili mnemba. Machi 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, peke yake ilitangaza mkupuo wa uwekezaji wa dola bilioni 40, yaani zaidi ya mara 12 ya kile Afrika nzima ilichopata mwaka uliotangulia.

Sisi wa Katanga, eneo la migodi la Kongo, tuna njia yetu ya kuliona jambo hili. Kampuni ya KoBold Metals ya California, inayotumia akili mnemba kutafuta madini, ilipata dola milioni 537 mwanzoni mwa 2025. Shaba ambayo kampuni hiyo inaifukuzia, mahali paitwapo Mingomba, iko Zambia, wilayani Chililabombwe, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kasumbalesa, na Julai mwaka huohuo KoBold ilitia saini makubaliano ya awali na serikali ya Kinshasa. Wawekezaji wa aina ileile waliogharamia programu za simu wamefika jirani kabisa na kwetu, na kilichowaleta ni mawe. Sioni ubaya katika utafutaji wenyewe; kinachoniudhi ni kwamba kijana aliyesoma hapa Lubumbashi hana mlango wa kupitia hata kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho.

Tulifuta kurasa za 2021. Ombi limeshuka hadi dola 20,000, na halielekezwi tena ng'ambo bali kwa wafanyabiashara wawili wa hapa mjini wanaomfahamu baba yake. Mahali pa mifano ya Ulaya tumeacha jedwali la wateja wanaorudi kununua mara ya pili na ya tatu. Bado ni tupu, kwa sababu anapita kwa wauzaji mmoja mmoja akihesabu kutoka kwenye madaftari yao.