Baada ya Saa Nane

Katika wiki ya tatu ya mafunzo yangu ya vitendo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, nilimpa mama mmoja dawa ya malaria ya mtoto wake na kumweleza matumizi yake kwa Kiswahili ambacho mwalimu wangu wa sekondari angekifurahia. Siku iliyofuata niligundua kwamba mama yule alikuwa amefuata maelezo yangu neno kwa neno, na kwamba kwa sababu hiyohiyo mtoto alikuwa amepewa dozi ya pili mapema kwa masaa matatu na nusu. Nimeandika "masaa" makusudi, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uuguzi. Baba yangu ni askari, nami nimekulia katika kota za jeshi karibu na Mbarara, mahali ambapo Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara, wa Kiteso na sisi Wanyankole. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, cha "wewe iko wapi?" na "mimi nataka enda", na hakuna aliyekiona kuwa na kasoro yoyote mpaka nilipoingia sekondari na kumpata mwalimu aliyekuwa amesomea Tanzania. Mwalimu huyo alitusafisha ndimi kwa kalamu nyekundu. Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nilipata D1, alama ya juu kabisa kwetu, na tangu hapo nilianza kuona haya nikimsikia baba akizungumza na wenzake.

Nje ya kota, Kiswahili hakikunisaidia sana. Bibi yangu mzaa mama, ambaye anaishi upande wa Bushenyi, hukunja uso kila akikisikia, kwa sababu kwake hiyo ni lugha ya vizuizi vya barabarani vya askari wa Idi Amin miaka ya 1970. Haimsaidii kitu kuambiwa kwamba katiba yetu, baada ya marekebisho ya mwaka 2005, inaitaja kuwa lugha rasmi ya pili, wala kwamba mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha ifundishwe shuleni kwa lazima. Chuoni nilikaa miaka miwili bila kumwambia yeyote kwamba ninakijua.

Ilikuwa Nakivale ndiyo iliyonitoa nilikojificha. Makazi hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, waliogawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006 wana ruhusa ya kufanya kazi na kutembea watakako. Ndiyo maana maofisa husisitiza kwamba pale ni makazi, si kambi. Wakaao pale wenyewe husema kambi. Kwangu mimi neno hilo lilikuwa na sura ya nyumbani, nami nililitumia bila kusita.

Tabibu aliyesimamia kituo tulichopangiwa aliponisikia nikimsalimia mzee mmoja kwa Kiswahili, alinitoa kwenye mizani ya watoto na kunipeleka kwenye dirisha la dawa. Sitaficha kwamba nilijiona. Wenzangu wanne walikuwa wakitafuta mkalimani kwa kila mgonjwa, nami nilikuwa nikimhudumia mmoja baada ya mwingine, nikisema "kidonge kimoja kutwa mara tatu" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa Unguja. Dalili za kwanza zilikuwepo, lakini sikuziona. Mwanamke mmoja kutoka Fizi, Kongo, aliniuliza taratibu, "Kutwa ni dawa gani?" Nilicheka, nikamweleza kuwa maana yake ni mara tatu kwa siku, na baada ya dakika mbili nikamwambia mgonjwa aliyefuata maneno yaleyale ya "kutwa mara tatu".

Mtoto ninayemzungumzia alikuwa na miaka miwili na uzito wa kilo 11. Kipimo kilionyesha malaria isiyo kali, hivyo alipaswa kupewa dawa ya mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, kidonge kimoja kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya kwanza tulimpa palepale, saa nne asubuhi, nikiwa nimekiponda kidonge kwa mgongo wa kijiko na kukichanganya na maji kidogo, kisha tukakaa naye kwenye benchi kwa muda kuona kama atatapika. Hakutapika, alinitazama tu kwa hasira, uchungu wa dawa ukiwa bado mdomoni. Nilimshauri mama amnyonyeshe, kwa kuwa lumefantrine huingia mwilini vizuri zaidi ikifuatana na mafuta, na maziwa yanatosha. Kisha nikamwambia: "Dozi ya pili utampa baada ya saa nane. Halafu kesho na keshokutwa utampa asubuhi na jioni." Mama akarudia, "Baada ya saa nane." Nikatikisa kichwa kukubali, nikamwita mwingine.

Alirudi asubuhi ya siku ya pili kwa kuwa mtoto alikuwa bado na joto, jambo ambalo kwa siku ya pili ya matibabu si la ajabu. Nilipomuuliza kama dozi zote amempa, alijibu kwa fahari kidogo: "Nilimupatia, muganga. Saa nane ilipopita tu, nikamupatia, vile ulisema."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Saa nne hadi saa nane na nusu mchana, alipompa, ni masaa manne na nusu, ilhali nilikusudia masaa manane, yaani saa kumi na mbili jioni. Mama hakukosea hata herufi moja. Katika Kiswahili sanifu neno "saa" halibadiliki katika wingi, na mwalimu wangu alikuwa akipiga mstari mwekundu chini ya kila "masaa" aliyoyakuta katika insha zetu. Kwa hiyo anayekifuata kitabu hana budi kusema "baada ya saa nane", na anayesikia ana haki ya kuelewa kwamba ni baada ya saa nane mchana, saa ambayo watu wametoka shambani. Laiti ningezungumza kama baba yangu anavyozungumza na wenzake getini, ningesema "masaa manane" na mama angenielewa. Wasanifu wa lugha watanisamehe, lakini mbele ya dirisha la dawa mimi sasa niko upande wa "masaa".

Nilimwendea tabibu na kumweleza yote. Alimpima mtoto tena, akasema hali ni nzuri, dozi zinazobaki ziendelee kama zilivyopangwa. Hakunigombeza, ila alinikalisha na kunieleza kwa nini nafasi ile ya masaa manane imewekwa. Artemether hupiga vimelea haraka lakini huisha mwilini baada ya masaa machache, wakati lumefantrine hubaki kwa siku kadhaa ikiwamaliza waliosalia, hivyo mpangilio wa dozi za mwanzo una maana yake. Akaongeza kwamba nimebahatika kukosea kwa dawa hii, kwa sababu zipo nyingine ambazo kosa la namna hiyo lingetupeleka hospitali usiku. Usiku ule nililala kidogo sana.

Aliyenisaidia kutengeneza mambo si mwalimu wa chuo wala kitabu, bali mzee mmoja Mkongomani, mwanachama wa timu ya afya ya kijiji, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kivu. Nilipomsimulia, hakushangaa hata kidogo. "Binti yangu," aliniambia, "saa iko kwa simu, na simu imezima tangu juzi. Hapa tunatumia jua." Alinitoa nje, akanyoosha mkono wake kuelekea magharibi, akakunja kiganja ili vidole vinne vilale sambamba na mstari wa kilima. Alinionyesha kwamba jua likibakiza kiganja kimoja juu ya kilima, imebaki kama saa moja lizame. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo kipimo cha mzee hakibadiliki na majira. Saa kumi na mbili jioni ni kiganja kimoja juu ya kilima. Nilijaribu mwenyewe jioni ile nikiwa na simu mkononi na tofauti ilikuwa ya dakika chache tu.

Kuanzia kesho yake nilianza kuchora kwenye vifuko vya dawa. Nilichora kilima na jua linalochomoza, kilima na jua la utosini, kilima na jua lenye kiganja chini yake, na chini ya kila jua nikaweka nukta kulingana na idadi ya vidonge. Michoro yangu ni mibaya. Mwenzangu mmoja alisema kilima changu kinafanana na mkate. Lakini iliondoa alama ya "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, ambayo tulikuwa tukiiandika kwa mazoea, na ambayo, nilipoanza kuuliza, baadhi ya watu walikuwa wakiisoma kama kidonge kimoja leo na vitatu kesho.

Kuuliza nako kulinipa taabu. Tulifundishwa chuoni kwamba mgonjwa aombwe kurudia maelezo kwa maneno yake mwenyewe, lakini yule mama alikuwa amerudia maneno yangu, na kurudia kwake hakukunifunulia chochote. Nilibadilisha swali na kuanza kusema, "Ukifika nyumbani utafanya nini? Nionyeshe." Mama wa kwanza alinikasirikia. Aliniuliza kama ninamfanya mtoto wa shule, na wanawake waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaguna pamoja naye. Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemwuliza kwa sauti ya msimamizi wa mtihani. Baada ya siku mbili tatu za kuhangaika nilipata njia ambayo, nikisema kweli, ilinigharimu D1 yangu. Nilianza kusema: "Mama, mimi ni Mganda, Kiswahili chetu mnakijua wenyewe. Niambie umesikia nini, nione kama nimesema sawasawa." Kila mtu Afrika Mashariki anajua mzaha kuhusu Kiswahili cha Waganda. Walicheka, wakanisahihisha, na katika kunisahihisha wakanionyesha hasa walichoelewa. Mmoja aliniambia kwamba wao hawasemi "kuharisha" bali "kuhara", mwingine akanifundisha kwamba kuniita "muganga" si kuniita mpiga ramli, jambo ambalo kwa wiki mbili lilikuwa likinikera moyoni bila sababu.

Wiki zilizobaki zilikuwa za kazi ya kawaida: chanjo, mizani, vidonda, kliniki ya wajawazito siku za Jumanne, matope ya mvua hadi magotini. Nilijifunza mengi humo, lakini hayatofautiani na ya mwanafunzi yeyote mwingine.

Kuhusu kazi, nilipoingia chuoni mpango wangu ulikuwa mmoja tu: kumaliza, kufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kusajiliwa, na kuondoka kwenda Uingereza au nchi za Ghuba. Siudharau mpango huo. Baba amelipa karo yangu kwa mshahara wa askari, na nina wadogo watatu nyuma yangu. Anayesema pesa si kitu hajawahi kusubiri karo ya muhula. Pasipoti yangu bado iko kwenye sanduku. Kilichobadilika ni mpangilio. Sasa ninataka kufanya mwaka ule wa mafunzo kazini huku magharibi, penye wagonjwa wengi kutoka makazi ya wakimbizi, kisha nifanye kazi wilayani kwa miaka kadhaa, na nikipata nafasi nisome shahada ya uzamili ya afya ya jamii nikijikita katika jambo dogo linalonisumbua: maelezo ya dawa yanavyofika nyumbani kwa mgonjwa. Nimeanza pia kujifunza Kinyarwanda kwa mwenzangu wa bwenini, kwa kubadilishana na masomo yangu ya anatomia. Baba niliyemweleza haya kwa simu alikaa kimya, kisha akauliza kama wilaya hulipa kwa wakati. Sikuwa na jibu zuri.

Juzi nilijaza fomu ya kuomba kurudi Nakivale kujitolea wakati wa likizo ya Desemba. Pana sehemu ya lugha, ambayo kwa miaka yote nimekuwa nikiijaza Kiingereza, Kinyankole na Luganda. Safari hii niliongeza Kiswahili, na katika nafasi finyu iliyobaki nikaandika: "cha kambi zote mbili." Mbele yake kulikuwa na visanduku vitatu vya kiwango: bora, wastani, kidogo. Niliweka alama kwenye wastani.