Bana Mkoba, Legeza Ghala

Kwenye Minecraft, gemu la kompyuta la kuchimba na kujenga, mchezaji ana nafasi 36 za kubebea vitu, na nafasi moja hupokea hadi matofali 64. Kila tofali ni mita moja ya ujazo. Jaza zote dhahabu: umebeba matofali 2,304, na kwa kuwa mita ya ujazo ya dhahabu ina tani 19.3, mgongoni una zaidi ya tani 44,000 na bado unaruka mitaro. Wakati huohuo ndoo moja ya maji inakula nafasi nzima, sawa na matofali 64 ya dhahabu. Nani huzilalamikia hizo tani? Kinachoudhi ni ndoo.

Ndiyo maana mabishano kuhusu mzigo kwenye magemu, kama ufuate uhalisia au urahisi, huanzia pabaya. Kikomo cha mzigo kina kazi moja tu, kumfanya mchezaji achague. La kuuliza ni anachagua lini. Akichagua kabla ya kutoka, kwamba abebe risasi zaidi au dawa zaidi, hapo anacheza. Akichagua baada ya kurudi, akiwa mbele ya masanduku kumi akihamisha mbao huku na mawe kule, amegeuzwa mtunza stoo.

Resident Evil ya 1996, gemu la kutisha, ililielewa hili vizuri. Kati ya wahusika wake wawili wa kuchezwa, Chris ana nafasi 6, Jill ana 8, na funguo, risasi na mitishamba vyote vinagombea nafasi hizohizo. Lakini masanduku ya kuhifadhia yameunganishwa kimuujiza: unachokiweka katika chumba kimoja unakitoa katika kingine. Kiuhalisia ni upuuzi, na bila upuuzi huo gemu lingekwama. Ushahidi ni Resident Evil 0 ya 2002, iliyoondoa masanduku na kuruhusu vitu viachwe sakafuni. Wazo zuri kwenye karatasi. Matokeo yake, wachezaji hurundika kila kitu katika ukumbi mmoja mkubwa, kisha hurudi na kurudi kufuata kifaa cha kamba kinachochukua nafasi 2. Uamuzi haukuongezeka, kilichoongezeka ni hatua za kutembea.

Valheim, gemu la kuishi porini kama Waviking, inaonyesha uhalisia unaolipa. Mkoba una nafasi 32 na kikomo cha uzito 300. Mawe ya shaba yana uzito wa 10 kila moja na hurundikwa hadi 30 katika nafasi moja, kwa hiyo rundo moja tu linamaliza kikomo, kabla hujahesabu silaha na mavazi. Tena milango ya kusafiria papo hapo inakataa madini. Basi unalazimika kutengeneza mkokoteni wenye nafasi 18, kusawazisha njia ili usikwame mlimani, au kujenga mashua na kuvuka bahari na shehena ukiomba upepo. Uzito umezaa barabara, bandari na hofu ya kuzama. Mwaka 2023 watengenezaji wake waliongeza mipangilio ya dunia inayoruhusu madini kupita milangoni. Nafurahi ipo kwa anayeihitaji, ila mchezaji mpya asiiguse kwanza: akiiwasha, mashua zinabaki za kutembelea tu.

Uzito usiozaa kitu ndio wa kuogopa. Skyrim inakupa 300 mwanzoni, na 5 zaidi kila unapoongeza stamina, yaani nguvu za mwili. Ukiwa na 300 unakimbia. Ukiokota kijiko ukafika 301, unatambaa na huwezi kusafiri haraka. Mruko huo wa ghafla ni kosa la usanifu. Dark Souls ya 2011 ilifanya kwa ngazi: kinachohesabiwa ni ulichovaa na kushika tu, na hadi asilimia 25 ya uwezo unajiviringisha kukwepa mapigo kwa wepesi, hadi 50 kwa wastani, ukizidi hapo unaanguka kama gunia. Vilivyomo mkobani havina uzito wowote. Si kweli hata kidogo, lakini uzito unaonekana pale unapoumiza, yaani katikati ya pigano.

Mkoba wa viraba, ambamo kila kitu huchukua viraba kulingana na umbo lake, nao una masharti yake. Ule wa Resident Evil 4 ya 2005 huanza na viraba 6 kwa 10, yaani 60. Bunduki ya marisau inachukua 2 kwa 8, ya shabaha 1 kwa 9, bastola 2 kwa 3: jumla 31, zaidi ya nusu ya mkoba kabla hujaweka risasi. Kupanga kunaburudisha kwa sababu gemu linasimama ukiwa humo, vitu vinazungushwa, na hazina na funguo haviingii katika hesabu. Ondoa hilo la mwisho na raha yote inakwisha. Diablo ya 1996 iliipa hata dhahabu kiraba kwa kila vipande 5,000, katika viraba 40 tu, na watu wakaishia kuimwaga chini mjini.

Kwa anayetengeneza gemu lake, nashauri aanze na jedwali la vitu vyote na safu moja ya ziada: "kubeba hiki kunamnyima mchezaji nini?" Kisicho na jibu kipe uzito sifuri. Viungo vya kutengenezea, yaani malighafi za kuundia vitu, huangukia hapo mara nyingi. The Witcher 3 ililipa deni hilo katika sasisho la 1.07 la mwaka 2015, likaondoa uzito wa viungo na kuleta sanduku la kuhifadhia. Risasi ni kesi ngumu zaidi. Fallout: New Vegas inazipa uzito ukichagua kucheza katika hali ngumu (Hardcore) pekee, na hapo zinastahili, kwani aina ya bunduki unayobeba inabadilika.

Kisha panga kikomo mkoba ujae njiani, kabla ya kufika mwisho wa safari, ili mchezaji aache kitu kwa uchungu kidogo. Ukijaa mlangoni, safari ikianza tu, umebana mno. Usipojaa kabisa, futa kikomo.

Ghala nalo lifanyie kinyume chake. Weka kitufe cha kutupia vitu vinavyofanana katika masanduku ya karibu, kama Terraria. Ruhusu meza ya ufundi ichote moja kwa moja kutoka sandukuni. Stardew Valley ilifanya hivyo mwaka 2019 kwa meza inayosoma masanduku yanayoigusa. Weka utafutaji kwa jina. Kisha mpe mtu gemu, mshikie saa, uhesabu dakika anazokaa kwenye menyu baada ya kila safari. Akipitisha dakika mbili akihamisha tu, rudi kwenye lile jedwali na utafute vitu vingine vya kupewa sifuri.